Hatua Mia Moja

Mjomba Hartley huzima redio kabla ya kufungua kopo la buluu.
Buluu, ananiambia, ndiyo inayowaumbua watu.
Ya wapiga mizinga ilikuwa nzito, jirani na nyeusi,
lakini ukiipaka vivyo hivyo juu ya mtu wa vidole vitatu
unapata kipande cha mkaa chenye masharubu.
Basi huichanganya na tone la kijivu,
huisogeza dirishani, kwenye mwanga wa mvua ya Todmorden
uliopauka kama maji ya mchele,
husema: uongo kidogo, ili iwe kweli.

Kijana wa dukani alimuuzia kofia zenye mwiba.
Alizirudisha kwa basi, mabonde mawili,
kwa sababu mwiba ni wa askari wa miguu;
wa mizinga huvaa tufe.
"Farasi wana macho," alisema pale kaunta,
na foleni nzima ikageuka kumtazama.

Zile nyeupe, za vita vya mbali,
huzitia madoa kwa chai, chai yenyewe, iliyopoa,
kama walivyofanya wenyewe wasionekane vilimani.
Kisha hunywa iliyobaki.

Magurudumu: rangi ya risasi. Mtutu: weusi wa chungu.
Mzinga huu hujazwa kwa mdomo,
ingawa walikwisha kujua kuujaza kwa nyuma.
Walijua, wakaacha, wakarudi mdomoni.
Jambo hili humchekesha kila mara,
nami hucheka naye, sijui kwa nini.

Halafu kuna ile picha.
Baba wa bibi yake, Abel Crossley, mpiga mzinga,
amesimama studio kando ya nguzo ya karatasi,
na kifungo cha tatu hakipo.
Kanuni inavitaka vyote. Vitabu vinavyo vyote.
Mjomba alikaa na lenzi siku mbili,
kisha akachukua sindano, akakikwangua
kile kifungo kwenye kifua kipana kama punje ya mahindi,
akaacha uzi.
Ukumbini Hebden Bridge, Bwana Lomas, mwamuzi,
alimpunguzia alama tatu: kifungo kimepungua.
Mjomba akatia sahihi. Picha ilikuwa mfukoni.
Hakuitoa.

Tukirudi nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu utotoni:
na mbele ya mdomo, mjomba, kuna nani?
Maana kwenye ubao wake nyasi huishia
vidole viwili kutoka kwenye mtutu,
kisha ukingo, kisha meza.
"Wako nje ya ubao," alisema.
Nje wapi?
Akanyamaza hadi Jumapili.

Jumapili alikuja na daftari.
Hatua elfu tatu na mia mbili, lilipofika kombora;
gawanya kwa thelathini na mbili, udogo wa watu wake.
Akafungua mlango wa banda,
akaelekeza pua kama mtutu ulivyoelekea,
tukaanza kuhesabu.
Kumi na mbili, jikoni kwake, tukapita katikati.
Thelathini, barabara.
Hamsini na saba, kanisa la Wamethodisti na paa lake linalovuja.
Themanini, karakana ya baiskeli iliyofungwa.
Hapo alianza kufupisha hatua. Nilimwona.
Ya mia iliangukia mlangoni kwa Bi Shagufta Mirza,
mzaliwa wa Peshawar,
aliyechuchumaa akichuma mnanaa kwenye ndoo.

"Mmepoteza nini?"
Mjomba akatazama nyuma tulikotoka.
Banda halikuonekana kabisa.
"Tunapima," alisema.
"Haya, pimeni. Ila uondoe kiatu chako juu ya mnanaa wangu."
Akauondoa mguu.
Na yeye, mtu wa kupima kila kitu,
hakujua pa kuuweka.