Kila Mlango wa Saba

Profesa alituchorea ramani ya Maweni, akasema:
kila mlango wa saba. Msichague, msiruke.
Ukichagua wewe, moyo umeingia kwenye hesabu.

Nikahesabu. Kinyozi. Gofu lisilo na paa, hilo halimo.
Mama wa mahamri. Kibanda cha kuchaji simu.
Wa saba ukawa mlango wa buluu
ambao kwetu haubishwi
tangu shamba la Ganda liuzwe.

Shangazi Mbeyu akanitazama, akakitazama kishikwambi,
akanisogezea kigoda. Hakuniita jina.

Nikamsomea ridhaa: unaweza kukataa,
unaweza kuacha wakati wowote,
jina lako halitaandikwa popote.
"Hilo nimelizoea," akasema,
akakandamiza dole gumba kwenye kioo.

Kwa kipimo cha moja hadi tano,
unawaamini majirani kiasi gani?
"Nne. Yule wa nyuma hukopa chumvi, harudishi."
Viongozi? Akacheka. Nikabonyeza moja.
Ndugu zako?

Kuku alipita kati yetu.
Bombani ndoo ilijaa, ikamwagika.
Mafunzoni tuliambiwa: hesabu hadi kumi, usimsaidie,
kisha andika tisini na tisa,
namba ya aliyenyamaza.
Nikaandika.

Nilipokuwa nafunga zipu ya begi akauliza,
"Magoti ya mamako, bado yanamsumbua?"

Swali halimo kwenye hojaji.
Akangoja. Hakunisaidia.
Nikajisikia nikihesabu:
sita, saba, nane.