Chawa wa Mfalme

Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Wausau.
Nimevaa buti za kiwandani na kaptula ya kulalia,
mkononi bomba la kunyunyizia,
miguuni ndoo ya maji ya sabuni.
Nimetoka kuua.

Wamejaa kwenye ncha za gugu la maziwa,
manjano, kama mtu kamwaga dengu
zikagoma kudondoka.
Vidukari. Jumapili walikuwa kumi, niliwahesabu,
nikasema, aa, kumi.
Leo shina halionekani.

Baba angecheka hadi kofia imdondoke.
Shambani alinilipa senti moja
kwa kila gugu la maziwa nililong'oa na mzizi wake,
maana ng'ombe akilila, haamki.
Niling'oa kiangazi kizima, vidole vikinata utomvu,
nikanunua kisu cha kukunja.
Sasa nina miaka sabini na tisa
na ninapigania mashina kumi na mawili
utadhani ni chakula cha watoto.

Ni ya Arlys haya. Alikwenda kando ya reli
na mfuko wa karatasi, akarudi na mbegu zenye manyoya,
akasema: bila gugu hili mfalme hana pa kutaga.
Mfalme gani anayetaga? nikamuuliza.
Hakunijibu. Ndivyo alivyokuwa,
swali la kijinga aliliacha lijifie lenyewe.
Agosti ile akaja kipepeo, rangi ya chungwa na mistari myeusi,
akatua begani kwake, wakanitazama wote wawili.

Na mfalme hakosi chawa.
Hawa kazi yao kunyonya tu.
Sisimizi wamewapandia kama wafugaji,
wanawapapasa, wanawakamua umande mtamu,
wanashuka matumbo yamejaa.
Na wote ni majike. Nilisoma hilo usiku
usingizi ukapaa: hawahitaji dume,
binti huzaliwa ana mimba
na ndani ya mimba ile, mimba.
Bustani nzima hii
mgane ni mimi peke yangu.

Nikainua bomba.
"Bwana Tesch, umetazama chini?"
Ng'ambo ya ua, Tou Ger, miaka tisa,
miwani imefungwa kwa plasta.
Nyuma yake bibi yake, Mama Xiong,
amechutama kwenye haradali
anawaponda vidukari wake kwa dole gumba,
hana ndoo, hana sabuni, hana haraka.

Chini ya wapi?
Akapenya palipovunjika ubao, akapindua jani.
Kitone cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini.
"Yai," akasema.
"Sabuni haijui nani ni nani."

Ndoo nikaimwaga kwenye changarawe.

Basi ni dole gumba.
Shina moja moja, toka chini kwenda juu,
nikilipita jani lenye kitone kama mtu apitaye
mlango wa chumba cha mgonjwa.
Kucha zimekuwa njano. Kiuno kinalalamika.
Mama Xiong akasema jambo kwa Kihmong,
Tou Ger akanyamaza.
Nikamuuliza mara mbili.
"Anasema unawabembeleza."

Huenda. Kesho yake walikuwa wamerudi,
na keshokutwa, na mimi nikarudi.
Akaja na mbawakawa mwekundu mwenye madoa,
akaanza kula bila salamu.
Nikamwachia shina zima, la karibu na bomba la maji,
kwa kuwa yeye hula usiku na mchana
na mimi lazima nilale.

Mayai yalikuwa matatu. Mawili siyaoni tena,
na Tou Ger hataki kunieleza wanavyofanya buibui.

Leo kuna jani lenye tobo,
mviringo, kadiri ya senti.
Aliyelitoboa sijamwona.
Chawa wangalipo.
Ndoo nimeigeuza kitako juu,
naikalia.