Gego

Ulitia sahihi Alhamisi, Yaritza,
kwa kalamu ya kampuni, kisha ukaniletea kalamu yenyewe
kama mtu anayeleta mwiba wa samaki uliomkwama kooni.
"Kaa nayo wewe," ulisema. "Mimi nimeshaitumia."

Antofagasta ilikuwa na ukungu wa asubuhi,
ule usiogeuka mvua hata ukiombewa.
Sikukupongeza. Nilichemsha maji
nikayatazama yakitokota kupita haja ya chai.

Miaka mitano tulisoma maji, wewe na mimi:
yanavyojificha chini ya mwamba, yanavyochelewa,
tone lililonyesha kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa
linavyofika kisimani leo
likakuta pampu inalisubiri.
Tulipogoma, wewe ndiye uliyeandika lile bango,
MAJI HAYANA BEI, herufi ya mwisho ikakosa nafasi,
ukaikunja kama mkia wa mbwa aliyechapwa.
Bado liko chini ya kitanda changu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na wewe umeinama, naona,
ila si upande wa kitanda.

Hivyo ndivyo hotuba yangu ilivyoanza, kichwani.
Nilikuwa na maneno mazuri.
Nilikuwa na bibi yako Celedonia na lama wake kumi na mmoja
wanaotafuna vijiti ukingoni mwa bonde la chumvi.
Nilikuwa na heroe waliohama bila kuaga.
Nilikuwa na mabwawa ya kampuni, kijani na samawati,
mazuri kama sumu inavyopendeza chupani,
maji yakipaa mchana kutwa
ili lithiamu ibaki, ipakiwe, isafiri,
iendeshe gari la mtu huko mbali
anayejiona msafi
kila akikanyaga mafuta ambayo hayapo.

Nikafungua mdomo.
Ulimi ukagusa gego.

Gego la chini, kushoto, lililooza Agosti,
nikalia nalo usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu
kwenye ofisi ya shirika letu yenye mawakili wawili,
printa isiyo na wino
na mshahara unaokuja kama mvua ya huku.
Peso laki mbili na arobaini.
Ulikuwa kwenye miezi yako mitatu ya majaribio.
Uliziweka mezani ndani ya bahasha yenye nembo yao,
ukaigeuza nembo iangalie chini.
Sikuuliza zilikotoka.
Asiyejua ndiye huuliza.
Nilikaa kwenye kiti cha daktari
nikapanua mdomo kadiri nilivyoambiwa.

"Visima kumi na vinne," ulisema ukizungusha kikombe.
"Mtu atavipima tu. Eriberto, aliyenitangulia,
alikuwa akiandika vina vyake akiwa kitandani.
Mimi nitateremsha kamba."

"Na wakikwambia kamba imekosea?"

Kikombe kikasimama.
Nilitaka useme utakataa, utawatupia kofia yao ya plastiki,
utashuka jangwani kwa miguu.
Ulisema, "Sijui."
Ukasema, "Kodi ya mama naijua."

Mkono mtupu haulambwi, wanasema,
na mimi niliyejiapiza mkono wangu utabaki mtupu
nilikwisha kuulamba wako.

Leo Jumatatu. Basi lenu limeondoka saa kumi na nusu alfajiri,
nimesikia breki zake zikipiga chafya pale kona.
Nimeketi kwenye meza inayocheza,
naandika malalamiko dhidi ya waajiri wako
kwa kalamu yao.
Inateleza vizuri. Haikwaruzi karatasi.

Nikifika penye kina cha kisima cha tisa
naacha nafasi, upana wa tarakimu tatu.
Sijui kama utaijaza.
Sijui kama nina haki ya kukuomba.

Nauma mkate wa jana, mgumu,
kwanza upande wa kulia, kwa aibu,
halafu, kwa kuwa njaa haina aibu,
upande wa kushoto.