Hodi ya Ubao

Nilifika Cremona asubuhi ya ukungu,
ukungu wa Mto Po, mzito kama uji uliosahauliwa jikoni,
na mnara wao mashuhuri ulikuwa umekatwa kichwa.
Ngazi mia tano na mbili, kilisema kitabu cha safari.
Nilihesabu hadi mia mbili na arobaini, nikapotea,
maana mtoto mmoja mbele yangu
alikuwa akizipa ngazi majina ya shangazi zake,
na shangazi walikuwa wengi.

Juu sikuona kitu. Weupe mtupu.
Ila nilisikia: mbwa, pikipiki, pipa likiburutwa,
na chini mahali fulani fidla ikirudia noti ileile,
ileile,
kama mtu anayejaribu ufunguo
kwenye kufuli la nyumba aliyokwisha kuhama.

Katika jumba la makumbusho fidla za kale zimelala ndani ya vioo,
nyekundu ya asali iliyoungua,
kila moja na taa yake, na unyevu wake uliopimwa.
Nilizitazama kama pilau ya harusi nisiyoalikwa.
Mlinzi, bwana mwenye mafua, akaninong'oneza
kwamba huja mtu kuzipiga, kwa zamu,
kwani fidla isiyoguswa hununa,
na ikishanuna, kuibembeleza ni kazi ya miezi.
Akapenga kamasi kwa adabu kubwa, mbali na vioo.

Mlangoni pa kanisa kuu kuna simba wa mawe
waliolainika migongo kwa makalio ya watoto.
Hao nao wana historia, ila hakuna anayewawashia taa.

Mchana ukungu uliachia.
Nyuma ya duka la jibini, uani kwa Ermelinda Bozzetti,
fidla nyeupe, hazijaonja vanishi,
zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za kitoto.
Hakuniuliza natoka wapi.
Alinipa kipande cha msonobari, chembamba, chepesi,
akasema: Gonga.

Nikagonga kwa kifundo cha kidole,
na ulimi wangu, bila kunishauri, ukasema: hodi.

Neno gani hilo?
Nikamweleza: kwetu anayebisha bila kulisema
ni mwizi, au ni mtu anayekudai.
Na wa ndani hujibu nini?
Hujibu karibu. Au hunyamaza, wajifanye hawapo.
Alicheka hadi vumbi la mbao likaruka kutoka kwenye nyusi.
Sisi husema avanti, alisema. Ingia, usisimame hapo.
Lakini mbao nyingi ni kama hao wenu. Hujifanya hazipo.

Akauchukua ubao, akaukwangua unywele mmoja,
akaugonga, akatega sikio. Bado.
Akakwangua. Jin-ho, mwanagenzi wake kutoka Daegu,
aliacha kunoa patasi ili tusikie. Bado.
Mara ya tano, au ya sita,
sauti ilishuka, ikavuta kiti, ikaketi.

Kisha akanionyesha kijiti kisichozidi kidole cha shahada.
Hiki huitwa roho.
Hakigundishwi. Husimama ndani, kimebanwa tu
kati ya kifua na mgongo wa fidla.
Ukilegeza nyuzi zote kwa pamoja, kinaanguka,
na ukiitikisa utakisikia kikibingirika.

Sikusema neno.
Mfukoni nilikuwa na tiketi mbili za mnara.
Moja haikukatwa.
Nilinunua mbili kwa mazoea.

Labda aliona. Alinifungia halua ya lozi katika gazeti,
akaniambia nisiitafune kwa jino bovu.

Jioni, ndani ya treni, mashamba yakirudi ukunguni,
halua imening'ang'ania magegoni,
niligonga meza, plastiki tu, bila kusudi.
Mara moja. Kisha tena.
Mzee aliyesinzia mbele yangu, kofia puani,
hakufumbua macho.
Avanti, alisema,
akajigeuza, akaendelea kulala.