Kona Mia Saba na Kitu

Mvua imekatika Mbale saa moja u nusu
na umeme, kwa mara ya kwanza wiki hii, haukupotea.
Kageha ameweka karai la maji chini ya balbu ya baraza,
amekaa kwenye kigoda, goti la kushoto amelinyoosha,
goti lenye kovu la Thailand.

Watu wakiuliza, husema: pikipiki.
Huachia hapo. Mwenye maneno ni mimi.

Miaka minne tulijaza kopo la siagi,
yeye fundi wa pikipiki pale stendi, grisi hadi viwikoni,
mimi karani wa kiwanda cha majani chai, Mudete.
Mama yake alidhani tunanunua ng'ombe.
Siku ya kufungua kopo akahesabu noti, akahesabu tena,
akauliza: "Ng'ombe gani huyu anayepanda ndege?"

Huko nako magari hupita kushoto.
Tuktuk zipo, kama za Kondele, ila zina taa za arusi.
Mafenesi yapo, yamekatwa, yamefungwa nailoni,
kwa bei iliyomfanya Kageha acheke hadi akashika ukuta:
kwao yanaozea chini ya mti, hata ng'ombe wameyachoka.

Chiang Mai akakodi pikipiki. Kabla ya kulipa
aliinama akaisikiliza injini kama daktari wa watoto,
akamwonyesha mwenye duka, kwa vidole tu, valvu inayogonga.
Akapunguziwa.
Barabara ya kwenda Pai ina kona mia saba na kitu.
Nilihesabu arobaini na moja.
Zilizobaki nilizipita nimefumba macho,
paji la uso mgongoni mwake,
nikimwita Mungu kwa Kimaragoli,
maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Hatukuanguka kwenye kona.
Tulianguka palipo sawa, pamenyooka kama rula,
kwa sababu ya mbwa.

Wala si hilo lililotugombanisha.
Ni tembo.
Nilikuwa nimeshalipa, watu wawili, nusu saa mgongoni.
Kageha akauona mnyororo, na pale ulipoila ngozi ya mguu,
akageuka. "Mimi sipandi aliyefungwa."
Nikamwambia pesa hazirudi. Nikamwambia,
na hili ninalijutia hadi leo,
kwamba nusu ya lile kopo ni jasho langu,
na utakatifu ni rahisi kwa jasho la mwenzio.
Siku tatu tulilala chumba kimoja kama wapangaji.
Feni ndiyo iliyozungumza.

Usiku wa nne, sokoni, mama mmoja na sinia:
panzi, nyenje, mabuu ya mianzi, vyote vimekaangwa, vinang'aa.
Watalii wamemzunguka. Mmoja ameshika panzi kwa ncha za vidole,
anapiga mayowe kabla ya kutafuna, wenzake wanampiga picha.
Kageha akapenya katikati yao. Akachota konzi nzima.
Akatafuna polepole, jicho moja amelifumba,
kama anayeonja mboga ya jirani.
Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu tembo:
"Chumvi imezidi. Na mbawa hawakupepeta."

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.
Yule mama akatuongezea kikombe cha bure.
Tukamweleza kwa mikono: mvua, kichuguu,
watoto wakigonga vijiti hadi kumbikumbi
wadhani wingu limefika, watoke.
Akatikisa kichwa, akajigusa kifua. Kumbe hata kwao.

Sasa wanaanguka karaini,
mmoja, wanne, kisha hesabu inakataa,
mbawa zimetanda juu ya maji, hazina mwenyewe.
Imali, mtoto wa jirani, amechuchumaa akingoja wakaangwe.
"Shangazi, Thailand kuna nini?"
Nafungua kinywa; hadithi yote iko tayari, na kona zake.
Kageha ananitangulia, hata macho hainui.
"Kuna mbwa," anasema. "Lete ungo."