Mji na Pindo

Pindo nimelimaliza tangu Jumanne:
korosho na vitone, korosho na vitone,
mkono unakwenda wenyewe kama wa mtu anayepeta mchele
huku akili yake iko kwenye deni la dukani.
Mji ndio ulionikataa.
Mraba mweupe katikati ya karatasi,
hauna nyumba, hauna kichochoro,
hauna hata mbwa wa kunibwekea.

Bwana Kihampa wa kiwandani kapiga simu mara mbili.
"Dada Mbonea, Jumatatu mchoro mezani."
Nikamwambia uko jikoni, unatokota.
Jiko lenyewe sijaliwasha.

Nikatoka.

Mwenge, vibandani kwa wachonga vinyago,
Nandonde hakuinua kichwa.
Alikuwa akimenya gogo la mpingo kwa tezo:
gome la kijivu, kisha ukingo wa njano
kama jino la mvuta tumbaku,
kisha, ndani kabisa, weusi
uliojifungia na komeo.
"Unatafuta nini?"
"Rangi."
Akacheka mpaka tezo ikatua.
"Mimi ninayo moja tu, dada,
na hiyo nayo si yangu. Niliikuta humo humo."
Nikaokota kibanzi, nikakitia mkobani.

Njiani nikawa nahesabu.
Tulijaliwa tatu za kwetu: nyeusi, nyeupe, nyekundu.
Zilizobaki tumezikopa kwa majirani:
kwa jani, kwa jivu, kwa kahawa,
kwa zambarau zinazopaka watoto ulimi,
kwa maji ya kunde yaliyosahaulika jikoni,
na ile ya makochi ya bibi harusi, damu ya mzee,
ambayo sijui ni mzee gani aliyeitoa
wala kama alirudishiwa.

Upanga, mkrismasi umemwaga maua hadi kwenye boneti za magari.
Nilisimama. Nilisubiri kitu kinifike moyoni.
Kilichonifika ni siafu, mguuni.

Yusta anachora ghorofani, juu ya duka la matairi.
Makopo ya maziwa ya watoto, kila moja na rangi yake,
harufu ya mafuta ya taa, feni inayolalamika.
Picha zake nzuri mno, zikaninyima usingizi mchana kweupe:
kila niliyoitazama ilikuwa tayari ni yake.
Kuna wivu unaofundisha na kuna wivu unaokausha mate.
Huu ulikausha.
Nilimwomba maji ya kunywa, nikaaga.

Jioni hivi, Tandale, uani kwa Sikudhani,
vitenge vya batiki vinachuruzika kambani,
nta inanukia kama msikiti na kama soko la samaki kwa pamoja.
Hakuwa na muda nami. Alinipa ndoo:
"Kamwage, usikae bure."
Nikamwaga. Samawati yote ya kutwa nzima,
ya kusuuzia, ya makosa, ya bahati mbaya,
ikatambaa mtaroni ikitafuta njia.

Na bata wa jirani, asiyejali mtu wala kodi,
akaingia, akakoga, akatoka,
akakatisha saruji iliyosakafiwa juzi
kwa mwendo wake ule wa mjomba aliyeshiba,
akiacha vidole vitatu na utando,
vidole vitatu na utando,
pengine vikikaribiana, pengine vikiachana,
mara akageuka (aliona nini?)
akaurudia upande wa choo.

Sikudhani akamfukuza na kandambili.
Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti,
nachora mgongoni mwa risiti ya umeme,
kwa kibanzi cha mpingo nilichokichovya mtaroni,
kabla jua halijakausha ushahidi.

Jumatatu Bwana Kihampa alivaa miwani,
akaugeuza mji huku na huku.
Jina akalisoma kwa sauti, taratibu:
NIMEPITA TU MSINIULIZE.
Akaguna.
"Litauzika. Ila haya maua sijawahi kuyaona.
Yanaota wapi?"

"Tandale," nikasema.
"Penye maji."