Kumi na Saba

Daktari kaniachia faili saa tisa,
niipige chapa kabla ya kesho; mahakama ya Mbale haingoji.
Sehemu ya kwanza, jina: Kuloba Yusto, miaka thelathini na minne.
Sehemu ya pili, waliouawa. Nawaandika kwa herufi kubwa,
NAMBUYA. KHAINZA. MUTONYI.
Wa nne hana jina, ana gauni la kijani tu.

Sehemu ya tatu, utotoni.
Kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu mwenye njaa:
*Hakuna la kutajwa.*

Vidole vinagoma.

Ukuta wetu kule Namakwekwe ulikuwa mmoja,
fito na udongo, unene wa kiganja,
huku kitanda changu, kule chake.
Baba yake wa kambo nilimjua kwa mnyororo wa baiskeli
usioonja mafuta tangu alipotoka jeshini.
Mlango. Kimya. Kisha mpira wa tairi
ukitafuta mgongo gizani.

Mtoto halii. Anahesabu.
Anahesabu kwa Kiswahili, lugha ya kambini,
kwa sababu mzee ameamuru,
na akikosea wanarudi kwenye moja.
Daima aliruka kumi na saba.
Nami, miaka tisa, nimebana shavu ukutani,
nilimnong'onezea: kumi na sita, kumi na saba,
kumi na saba, Yusto, kumi na saba.

Asubuhi mama alitwanga karanga.
Ya nyumba ya watu, alisema, yana wenyewe.
Usiku uliofuata akaongeza sauti ya redio.

Alipotimiza kumi na miwili alimfukia mbwa wetu, mzima,
akakaa juu ya udongo akihesabu.
Watu wakasema pepo. Wakamchanja kwa wembe, wakamfukizia.
Hakuna aliyesema baiskeli.
Baadaye nikaanza kumsikia usiku akiuambia ukuta:
nyamaza. Nyamaza wewe.
Nikadhani anaota.

Nafunua ukurasa wa tano.
*Mgonjwa husikia sauti isiyokuwapo.*
*Ya msichana mdogo. Hutoka ukutani.*
*Humhesabia.*

Nimesoma mara tatu. Chai imeota utando.

Sijasema ndiyo sababu.
Gidudu mdogo wake alilala kitanda hicho hicho,
mpira ule ule uliijua miguu yake,
na leo anashona sare za shule, huwaogopa hata kuku.
Nani atanichorea mstari uliopita katikati ya kitanda kile?
Daktari hana. Mimi sina.
Na pale nje, kwenye benchi, mama yake Khainza
ana mfuko wa plastiki, ndani mna viatu vya bintiye,
visigino vimelika upande mmoja.
Hajaja kusikia habari za utoto wa mtu.
Mtoto wake naye alikuwa na utoto.

Narudi sehemu ya tatu.
Nafuta neno moja, *Hakuna*.
Yamebaki mawili: *la kutajwa.*
Mbele yake nafasi tupu, na kijistari kinachopepesa,
kinapepesa, na mimi bila kutaka
ninakihesabu.

Mlango unagongwa.
Mama yake Khainza anachungulia.
Binti, umemaliza?
Nimefika kumi na sita.